Bwawa la Starehe na Watu wa Bondeni

Nilifundisha historia kwa miaka mingi, kwanza katika shule za msingi, kisha sekondari, na mwisho katika chuo cha ualimu ambako nilistaafu nikiwa mkuu wa chuo. Katika miaka hiyo yote niliona kwamba wanachuo husahau upesi tarehe za vita na majina ya mikataba, lakini hawasahau habari ya jambo dogo lililopuuzwa mpaka likawa kubwa. Kwa sababu hiyo, kila mwaka nilitenga vipindi viwili kwa ajili ya habari ya bwawa moja la Marekani liitwalo South Fork. Bwawa hilo lilibomoka tarehe 31 Mei 1889, na watu 2,209 wakafa.

Walimu wenzangu waliniuliza mara nyingi: bwawa la Pennsylvania linamhusu nini kijana anayekwenda kufundisha Singida au Kibondo? Jibu langu lilikuwa kwamba bwawa lile, siku lilipobomoka, halikuwa likimwagilia shamba lolote, wala kuzungusha mtambo wowote, wala kumpatia mtu maji ya kunywa. Lilikuwa bwawa la starehe. Watu waliokuwa wakistarehe juu yake hawakuwa wale waliokuwa wakiishi chini yake. Tofauti hiyo, ndugu msomaji, ndiyo iliyonifanya nisiiache habari hii mpaka leo.

Hata hivyo, bwawa hilo halikuanza kuwa la starehe. Lilijengwa na serikali ya jimbo la Pennsylvania ili kuhifadhi maji ya kulisha mfereji uliokuwa ukipitisha mashua za mizigo kutoka mji wa Johnstown. Wakati wa kiangazi mfereji ulikuwa ukikauka, mashua zikakwama, na biashara ikasimama. Kazi ilianza mwaka 1838, ikasimama kwa miaka kadhaa kwa kukosa fedha, ikakamilika mwaka 1853. Lilikuwa tuta la udongo na mawe lenye urefu wa mita 284 hivi kutoka ukingo hadi ukingo, na kimo cha mita 22. Mafundi wa kwanza walifanya kazi ya kuheshimika. Udongo ulishindiliwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka likaloweshwa maji ili lishikane. Chini ya tuta walipitisha kalavati la mawe, na ndani yake mabomba 5 ya chuma ya kufungulia maji. Pembeni walichonga njia katika mwamba kwa ajili ya kutolea maji ya ziada, yaani ile ambayo mafundi wetu huiita utoro.

Nawaomba wasomaji waliokalia dawati miaka mingi iliyopita wavumilie maelezo haya ya ufundi, kwa maana ndiyo kiini cha habari yote. Tuta la udongo lina adui mkubwa mmoja, nalo ni maji yanayopita juu yake. Maji yakisimama nyuma ya tuta lililoshindiliwa vizuri, tuta linaweza kudumu miaka 100. Maji hayo hayo yakianza kumwagika juu ya kilele, yanakokota udongo wa upande wa nyuma, yanachimba kijito, kijito kinakuwa korongo, na baada ya saa chache tuta halipo tena. Ndiyo maana bwawa la udongo linahitaji milango miwili: mmoja wa chini, wa kupunguza maji wakati wowote mwenye bwawa anapotaka, na mwingine wa juu, wa kuyatoa yanapozidi. Bwawa la South Fork lilizaliwa likiwa na yote miwili.

Bahati mbaya lilizaliwa likiwa limechelewa. Karibu na wakati ule ule bwawa lilipokamilika, reli ilikuwa imekwisha kuvuka milima ya Allegheny, na mfereji ukawa hauna kazi. Mwaka 1857 jimbo liliuza mali yote kwa kampuni ya reli. Kampuni haikuhitaji bwawa, hivyo haikulitunza. Mwaka 1862 kalavati lililo chini ya tuta liliporomoka na sehemu ya tuta ikachukuliwa na maji. Kwa kuwa maji yalikuwa machache, hasara haikuwa kubwa, na watu wa bondeni wakajifunza somo lisilo sahihi, kwamba bwawa lile hata likibomoka halina neno. Mwaka 1875 lilinunuliwa na mheshimiwa mmoja, mbunge, aitwaye John Reilly. Yeye aliyang'oa yale mabomba 5 akayauza kama chuma chakavu. Mlango wa chini ukawa umekwisha kuondoka.

Mwaka 1879 akaja Benjamin Ruff, akalinunua kwa dola 2,000, akaanzisha klabu ya uvuvi na uwindaji iliyoitwa South Fork Fishing and Hunting Club. Wanachama walikuwa matajiri wa Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma ulio upande wa magharibi. Miongoni mwao walikuwamo Andrew Carnegie, Henry Clay Frick, Andrew Mellon na mwanasheria Philander Knox, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Pittsburgh ya wakati ule ilikuwa imefunikwa na moshi wa tanuri mchana na usiku. Mtu mwenye uwezo alitamani kuwapeleka mke na watoto mahali penye hewa safi, na kwa hilo hatuwezi kumlaumu.

Na mahali penyewe palikuwa pazuri. Ziwa lilikuwa na urefu wa kilomita 3 hivi, likizungukwa na misitu. Klabu ilijenga nyumba kubwa ya wageni yenye vyumba 47, na wanachama wakajenga nyumba zao binafsi ufukoni. Palikuwa na mashua za tanga na meli ndogo za mvuke. Watoto walipiga makasia, wasichana walitembea juu ya tuta jioni, vijana walivua samaki na kupiga picha. Samaki wenyewe walikuwa aina ya besi, jamaa wa wale walioletwa katika Ziwa Naivasha katika miaka ya 1920. Walisafirishwa kwa reli kutoka mbali na kupandikizwa ziwani kwa gharama kubwa. Sioni dhambi yoyote katika michezo hiyo. Mtu anayefanya kazi anahitaji kupumzika, na maji yaliyotulia humpumzisha mwanadamu kuliko kitu kingine.

Lakini starehe hiyo ilidai mambo manne.

Kwanza, bwawa lilipaswa kujaa tena, kwa hiyo pengo la mwaka 1862 lilizibwa. Hakuitwa mhandisi wa mabwawa. Pengo lilijazwa mawe, udongo, matawi ya miti, majani makavu, hata samadi ya farasi. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa waliuziba ufa, ila kwa majani. Pili, mabomba ya chini hayakurudishwa, kwa maana ziwa la starehe mtu hataki lipungue. Matokeo yake ni kwamba hakukuwa tena na njia ya kushusha maji ili kukarabati tuta, hata kama mtu angetaka. Tatu, kilele cha tuta kilikatwa kwa karibu mita 1, ili barabara ya juu iwe pana na magari mawili ya farasi yaweze kupishana. Nne, wavu wa chuma uliwekwa kwenye utoro, chini ya daraja dogo, ili samaki wa gharama wasitoroke kwenda kwa watu wa chini.

Nikiwa darasani nilikuwa nikiandika mambo hayo manne ubaoni, kisha nawauliza wanachuo: ni lipi kati ya haya lililofanywa kwa nia mbaya? Walitafuta, hawakulipata. Kila moja lilikuwa na sababu yake ya kawaida. Uzibaji ule ulipunguza gharama, mabomba yalikuwa ya bei, barabara ilitakiwa kupitika, na samaki walikuwa mali ya klabu. Lakini ukiyaweka pamoja, tuta lilikuwa limefupishwa, limezibwa vibaya, halina mlango wa chini, na mlango wake wa juu umewekewa chujio. Tena katikati lilikuwa limezama kidogo, mahali ambapo tuta la udongo linapaswa kuwa refu kuliko pengine pote.

Chini ya tuta, mwendo wa kilomita 22 kwa kufuata mto, na mita 137 chini yake kwa kimo, palikuwa na mji wa Johnstown na vitongoji vyake, watu wapatao 30,000. Wengi walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha Cambria Iron Company, wahamiaji wa Kijerumani na wa Wales pamoja na jamaa zao. Hao hawakuwa wanachama wa klabu.

Isidhaniwe kwamba hakuna aliyeona hatari. Mkuu wa kiwanda hicho, Daniel Morrell, alikuwa na wasiwasi, na mwezi Novemba 1880 alimtuma mtaalamu wake John Fulton akalikague bwawa. Fulton alirudi na taarifa fupi yenye mambo mawili mazito: bwawa halina bomba la kutolea maji, na ukarabati wake haukufanywa kwa uthabiti. Morrell aliipeleka taarifa hiyo kwa Ruff. Ruff alijibu kwa barua ya kumkosoa Fulton, akionyesha kwamba vipimo fulani havikuwa sahihi, na akamalizia kwa kumhakikishia Morrell kwamba watu wake hawamo hatarini. Morrell aliandika tena, safari hii akisema yuko tayari kuchangia fedha za matengenezo. Akakataliwa.

Barua hizo ndizo nilizowafundisha wanachuo wangu kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu mwalimu mkuu wa kesho ataishi na taarifa za ukaguzi maisha yake yote. Kuna watu wawili wanaopokea taarifa ya ukaguzi. Mmoja anaisoma ili ajue la kufanya. Mwingine anaisoma ili apate la kujibu, na akipata kosa moja la tarakimu anaona ameishinda taarifa nzima. Ruff alikuwa wa aina ya pili. Morrell alifariki mwaka 1885, na Ruff mwaka 1887. Bwawa likabaki, na mahali pale alipopaonyesha Fulton pakabaki vile vile.

Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Mei 1889 ilinyesha mvua kubwa mno, baina ya milimita 150 na 200 katika saa 24. Asubuhi rais wa klabu, Elias Unger, aliamka akaona ziwa limepanda karibu na kilele cha tuta. Aliita watu, wakiwamo vibarua wa Kiitaliano waliokuwa wakichimba mitaro ya maji machafu ya klabu. Baadhi walijaribu kuongeza kimo cha tuta kwa udongo. Wengine walichimba njia mpya ya maji upande wa magharibi, lakini walikutana na ardhi ngumu. Wengine walipambana na ule wavu wa samaki, ambao sasa ulikuwa umejaa magogo na takataka za msituni. Haukutoka. Mhandisi kijana wa klabu, John Parke, alipanda farasi akaenda mbio hadi kijiji cha South Fork ili ipigwe simu ya maandishi kwenda bondeni.

Simu zilipigwa, tena zaidi ya moja. Lakini kwa miaka mingi, kila mvua zilipozidi, uvumi ulikuwa ukienea Johnstown kwamba bwawa linavunjika, na halikuvunjika. Watu walikuwa wameuzoea uvumi huo hata wakaufanyia mzaha. Isitoshe, siku ile mitaa ya mji ilikuwa imekwisha kufurika maji ya mito, na watu wamepandisha vyombo vyao ghorofani, wakingoja maji yapungue kama ilivyokuwa kawaida. Onyo lililofika halikufika kwa mtu aliyelifanyia kazi.

Baina ya saa 8:50 na saa 9:10 alasiri tuta lilikatika katikati. Maji yasiyopungua mita za ujazo milioni 14 yalishuka bondeni. Yalibeba miti, nyumba, madaraja, vichwa vya garimoshi na mabehewa. Katika kitongoji cha East Conemaugh dereva wa garimoshi aitwaye John Hess alisikia ngurumo, akaendesha kurudi nyuma kuelekea mjini huku ameifunga honi ya mvuke ilie bila kukoma. Watu walioisikia wakakimbilia mlimani. Hilo ndilo onyo la kweli waliloweza kulielewa siku ile. Saa 10:07 ukuta wa maji na vifusi uliingia Johnstown, na kwa dakika kama 10 hivi sehemu kubwa ya mji ikawa imefagiliwa.

Vifusi vilinasa kwenye daraja la mawe la reli lililo chini ya mji, vikafungamana na seng'enge iliyochukuliwa kutoka kiwanda kilichokuwa kikiitengeneza, na watu wakiwa hai ndani yake. Jioni vikashika moto. Watu wapatao 80 waliopona maji walifia pale. Katika jumla ya waliokufa, watoto walikuwa 396. Familia 99 zilipotea nzima nzima, asibaki hata mmoja wa kulia. Maiti zaidi ya 750 hazikutambuliwa, nazo zimezikwa pamoja katika makaburi ya Grandview, juu ya mlima, kila moja na jiwe lake lisilo na jina.

Msaada ulikuja kutoka kila upande. Clara Barton na Chama cha Msalaba Mwekundu alichokianzisha Marekani walifika siku ya tano na kukaa miezi mitano. Klabu ilitoa mablanketi 1,000. Carnegie aliujengea mji maktaba mpya, na jengo hilo siku hizi ni makumbusho ya mafuriko. Lakini mahakamani hakuna mwanachama wa klabu aliyepatikana na hatia au kulipishwa fidia. Klabu ilitetewa na wanasheria ambao wenyewe walikuwa wanachama, Knox akiwa mmojawapo, na hoja iliyoshinda ni kwamba ile mvua ilikuwa kazi ya Mungu.

Mimi ni mtu wa dini na sipendi kusikia Mungu akisingiziwa. Mvua ilikuwa yake. Wavu wa samaki haukuwa wake.

Wapo waliokataa hoja hiyo wakati ule ule, na hasira yao ilizaa matunda. Huko Uingereza, mwaka 1868, katika shauri la Rylands na Fletcher, lililohusu pia bwawa la mtu binafsi lililomwagikia mgodi wa jirani, ilikwisha kuamuliwa kwamba mtu anayekusanya katika ardhi yake kitu chenye hatari ni lazima akizuie kwa dhamana yake mwenyewe, na kikitoroka atawajibika hata kama hakuna uzembe uliothibitishwa. Mahakama nyingi za Marekani zilikuwa zimeikataa kanuni hiyo. Baada ya Johnstown baadhi zilianza kuikubali. Kanuni hiyo hiyo tuliirithi sisi Afrika ya Mashariki pamoja na sheria nyingine za Kiingereza.

Wahandisi nao walikuwa na hadithi yao. Kamati ya chama cha wahandisi wa Marekani ilichunguza, na taarifa yake iliyotolewa mwaka 1891 ilisema kwamba hata kama bwawa lingekuwa kama lilivyojengwa mwanzo, mvua ile ingelibomoa. Maneno hayo yaliwapa wengi usingizi kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 2016 watafiti watatu, Coleman, Kaktins na Wojno, walichapisha hesabu mpya. Walionyesha kwamba kukata kilele cha tuta na mabadiliko mengine ya klabu vilipunguza uwezo wa kutoa maji kwa karibu nusu, na kwamba bwawa la awali lingeweza kuihimili dhoruba ile. Ile barabara ya kupishana magari ya farasi, kwa hesabu zao, iligharimu mji.

Mtu atasema hayo ni ya kale. Lakini katika mwaka mmoja tu, 1977, Marekani iliyokuwa imekwisha kupeleka watu mwezini ilipata misiba miwili ya aina hiyo. Mwezi Julai bwawa la Laurel Run, karibu na Johnstown hiyo hiyo, lilibomoka na kuua watu wapatao 40. Tarehe 6 Novemba, usiku wa manane, bwawa la Kelly Barnes katika jimbo la Georgia lilibomoka juu ya chuo kimoja cha Biblia. Bwawa hilo lilikuwa la chuo chenyewe. Zamani lilizalisha umeme. Tangu mwaka 1957 lilikuwa la kuvulia samaki na kupumzikia tu. Watu 39 walikufa, 20 kati yao wakiwa watoto. Nilikuwa mkuu wa chuo, na nikisoma habari hiyo nilikuwa nikiyaona mabweni. Baada ya msiba huo Rais Carter aliagiza mabwawa yasiyo ya serikali kuu yenye hatari kubwa yakaguliwe nchi nzima.

Na kwetu? Jioni ya tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua kubwa, bwawa la shamba la mtu binafsi huko Solai, katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, lilibomoka na kuua watu wasiopungua 47, wengi wao wanawake na watoto. Halikuwa bwawa la starehe. Lilikuwa la kilimo. Lakini mpangilio ulikuwa ule ule: maji ya mmoja juu, vitanda vya wengi chini. Kwetu Tanzania, sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 ina vifungu juu ya usalama wa mabwawa. Sheria nzuri ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mtu wa kutembea juu ya tuta na macho yake.

Kwa hiyo nilipofundisha, kipindi cha pili sikukifanyia darasani. Tulikwenda kwa miguu hadi kwenye lambo la jirani, ambako wanachuo walizoea kuogelea Jumapili na kuchoma mihogo, nami niliwapa maswali matatu. Maji yakizidi yatatokea wapi, na njia hiyo imezibwa na nini? Tukitaka kuyapunguza leo, tutayapunguzaje? Na nani analala chini yake? Kwa swali la tatu niliwataka washuke bondeni wenyewe, wahesabu nyumba, waamkie wenyeji, waulize watoto majina. Walirudi wakiwa kimya kidogo. Kabla ya hapo walikuwa wameliona lambo kutoka upande mmoja tu, upande wa kuogelea. Nasikia baadhi yao, ambao sasa nao ni walimu wakuu, wanayauliza maswali yale kwa wanafunzi wao.

Siandiki haya ili kuwatisha watu wasiende kwenye mabwawa. Mtu mwenye watoto awapeleke wakavue, wapige makasia, wawatazame ndege wa majini. Hata pale South Fork siku hizi watu hupumzika. Mabaki ya tuta yamehifadhiwa tangu mwaka 1964 kama mahali pa kumbukumbu ya taifa. Mto mdogo unapita katikati ya pengo bila kelele, na kuna njia ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli inayofuata bonde lile lile hadi Johnstown. Nadhani hiyo ndiyo michezo bora kupita ile ya klabu, kwa sababu anayetembea njia hiyo anakwenda hadi chini.

Nimalizie kwa jambo lililo mbele yangu sasa. Katika kijiji nilichostaafia kuna lambo la zamani, la tuta la udongo. Chini yake kuna bustani za mboga, nyumba 30 na zaidi, na shule ya msingi. Kikundi cha vijana wetu, wachapakazi ambao nawaheshimu, kimepandikiza perege. Sasa wanataka kujenga banda la kuuzia chakula juu ya tuta, kununua mitumbwi ya kutembezea wageni, na kuweka wavu kwenye utoro ili samaki wasipotee wakati wa mvua. Waliponiletea mpango wao nisome kama mzee mwenye elimu kidogo, niliufurahia mpaka nilipofika kwenye wavu.

Nimewaandikia ukurasa mmoja. Samaki wafugwe katika vizimba ndani ya maji, na utoro uachwe wazi. Banda lijengwe ukingoni, tuta lisiguswe jembe. Magugu na vichaka vilivyoota juu ya tuta vikatwe, na fundi wa bodi ya maji ya bonde aitwe kabla mtumbwi wa kwanza haujashushwa. Katibu wao alinijibu kwa adabu, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Tumeisoma barua yako, lakini vizimba ni ghali, na lambo hili halijawahi kuleta shida." Nikamwambia aje na wenzake tuzungumze, na kwamba mchango wa vizimba nitautafuta nami, kwa vile pensheni ni ndogo lakini wanafunzi wangu wa zamani ni wengi.

Kikao kitafanyika kabla ya mvua za vuli. Vijana walipendekeza tukutane juu ya tuta, penye upepo na mandhari. Nimemwomba mwenyekiti wa kijiji tukutane katika darasa la kwanza la ile shule ya chini, siku ya masomo, saa ambayo watoto wamo.